Salama Kuliko Nini? Niliyowaambia Wazazi na Wanafunzi Kuhusu Vepu

Siku ya wazazi nilialikwa kuzungumza kuhusu vepu, yaani sigara ya kielektroniki, katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma. Wazazi wengi hawakufika. Wengine walikuwa kazini Mtumba, wengine mashambani. Walioniomba maneno haya ni wengi kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo nayaweka yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na pale nilipojikwaa ulimi nimepanyoosha.

*

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa huko nyuma mkidhani siwaoni: Mbukwenyi!

Asanteni. Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa miaka 22, na watu wa mji huu nawajua wanavyouliza jambo la aibu. Ama wanasubiri duka libaki tupu, ama wanasema, "Kuna rafiki yangu ana tatizo." Mama mmoja hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikuja saa nne asubuhi, duka limejaa, akaweka kaunta kitu cha urefu wa kidole, zambarau chini, njano juu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwanangu yuko bweni, amekuja likizo. Hiki nimekikuta kwenye begi lake. Naona ni ile dawa ya pumu ya kuvuta, ameona haya kuniambia. Nipatie nyingine, hii taa yake imeanza kuwaka nyekundu, nadhani inaisha."

Nikakichukua. Nikakinusa. Embe. Embe dodo lililoiva vizuri, la mwezi wa Desemba.

Msimcheke, jamani. Wazazi, wangapi humu mmeshawahi kukishika kitu hiki mkononi? Nyoosheni mikono. Watatu. Wanafunzi? Haya, shusheni, shusheni, msije mkajiponza mbele ya mwalimu wa nidhamu. Ninyi mnaona wenyewe tofauti. Na mwalimu wenu huyu huyu amenionyesha boksi la vitu alivyokusanya muhula huu. Kimojawapo alikaa nacho mezani wiki mbili akidhani ni flashi ya kompyuta.

Yule mama nilipomweleza ni nini, aliniuliza: "Kwani ni hatari?" Siku ya tatu akaja kijana mwenyewe, kaletwa kwa mkono, akaniuliza jambo lile lile akiligeuza: "Lakini si ni salama?" Wote wawili niliwajibu kwa swali, na swali hilo ndilo nimekuja nalo hapa. Salama kuliko nini? Na kwa nani?

Tukijue kwanza kifaa chenyewe. Kibatari mnakijua, angalau wazazi mnakijua: mafuta chini, utambi katikati, moto juu. Vepu ni kibatari kisicho na moto. Chini kuna betri ya lithiamu, jamii moja na ya simu yako. Juu kuna kijitangi cha kimiminika. Ndani ya kijitangi kuna utambi wa pamba, na utambi umezungukwa na kiwaya chembamba kinachoitwa koili. Ukivuta, betri inapasha kiwaya, kiwaya kinapasha kile ambacho pamba imekinywa, na kinatoka ukungu. Wauzaji wanapenda kusema "ni mvuke tu". Mvuke ni wa sufuria ya maji. Huu ni ukungu wa matone madogo mno ya kemikali, kama pafyumu unapoipuliza, isipokuwa pafyumu hii inapulizwa ndani ya mapafu.

Matone hayo yana nini? Kwa kawaida vitu vinne. Propilini glikoli, kimiminika kinachobeba ladha na nikotini. Gliserini, ndugu wa ile tunayopaka miguu iliyopasuka kwa vumbi la hapa kwetu. Ladha. Na nikotini, ambayo kwa sehemu kubwa inakamuliwa kwenye jani la tumbaku, jani hilo hilo la Urambo na Chunya. Aliyekiunda kifaa kwa sura tunayoiona leo ni mfamasia mwenzangu, Mchina anayeitwa Hon Lik, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Hakuanza kwa nia mbaya. Alitaka apate nikotini bila moto.

Kwa nini bila moto? Nikiwa mdogo tulikuwa na jirani, baridi ya Julai iliposhika akaingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha wakalala. Tuliwatoa asubuhi wamelegea kama nguo mbichi, mtoto mdogo midomo imebadilika rangi. Walipona, lakini yule mama alikaa na maumivu ya kichwa wiki nzima. Kilichowalegeza ni gesi ya kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu. Sasa, sigara ni nini? Ni jiko dogo la mkaa unaloliwasha mdomoni mara 20 kwa siku. Linatoa gesi hiyo hiyo, linatoa lami, linatoa kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo kama 70 zinajulikana kuleta saratani. Nikotini ni kamba inayokufunga. Mchinjaji ni moto.

Vepu haina moto. Kwa hiyo lami ile haipo, na ile gesi karibu haipo. Mwaka 2018 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti zaidi ya 800, na zikasema bila kuuma maneno kwamba mvutaji wa sigara anayehama kabisa kwenda kwenye vepu anapunguza sumu nyingi zinazomwingia.

Naona walimu wawili wamekunja uso. Najua. Mliniita niwatishe watoto. Lakini nikiwaambia watoto hawa kwamba vepu ni mbaya kuliko sigara, kesho watafungua simu, watakuta nimewadanganya, na kuanzia hapo hata nikiwaambia jua linachomoza Kilosa linazama Manyoni hawatanisikia. Na mimi uongo huo nilishausema mara moja. Ngoja niwaeleze ulivyonigharimu.

Baba yangu mdogo alianza sigara akiwa utingo wa malori ya mahindi, Kibaigwa. Pakiti moja kwa siku, miaka zaidi ya 30. Mwaka 2017 mtoto wake alirudi kutoka masomoni nje, akamletea vepu. Mzee akaikubali. Miezi mitatu hakugusa sigara hata moja. Kikohozi cha asubuhi kikapungua, mama mdogo akaanza kusema sasa anaweza kulala chumba kimoja na mumewe. Akaja dukani kwangu kunionyesha. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Hiki unakionaje?"

Nikamwambia, "Baba, hicho na sigara ni mambo yale yale. Kitupe."

Alinitii. Mtu wa rika lake hapingani na dawa, na mimi kwake ndiye dawa. Akakitupa. Jioni ile ile akanunua pakiti kwa mangi wa kona, na leo hii yuko pale pale kwenye sigara 20. Akipanda ngazi tano anasimama kama anasalimiana na mtu, kumbe anatafuta pumzi. Hajawahi kunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Nilichotakiwa kumwambia ni hivi: "Baba, umeacha moto, hongera, usiurudie. Sasa tupange siku ya kuacha na hicho pia." Kuna utafiti uliofanyika Uingereza ukatolewa mwaka 2019, watu 886 waliotaka kuacha sigara. Nusu wakapewa vepu, nusu wakapewa vibandiko vya nikotini vya ngozini, bazoka za nikotini na vitu vya namna hiyo, na wote wakapata ushauri. Baada ya mwaka, katika kila 100 wa vepu, 18 walikuwa wameacha sigara. Kwa wale wengine, kama 10. Kwa hiyo inasaidia kuliko vibandiko. Lakini hesabu hiyo isomeni mpaka chini. Kwanza, katika hao 100, 82 hawakufanikiwa. Pili, wale waliofanikiwa kwa vepu, wanne kati ya watano walikuwa bado wanaivuta mwaka mzima baadaye. Waliacha moto, kamba ikabaki shingoni.

Na kuna wengine, hawa ndio nawaona zaidi hapa mjini, wanaovuta vyote viwili. Vepu ofisini, sigara nje ya baa. Anakwambia, "Nimepunguza, sasa hivi ni sigara moja tu kwa siku." Moyo hauhesabu hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sigara moja kwa siku inabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mtu wa sigara 20. Nusu! Kwa sigara moja! Kwa hiyo anayeshika vepu mkono huu na sigara mkono huu asijipongeze. Ameongeza gharama tu.

Hayo ni ya mvutaji mzee. Sasa nirudi kwa kijana wa embe.

Alikuja na takwimu kwenye simu. Vijana wa siku hizi hawaji mikono mitupu. "Aunti, hapa wanasema ni salama kwa asilimia 95." Nikamwambia nisomee. Akasoma. Haikuandikwa hivyo. Mwaka 2015 shirika la afya ya umma la Uingereza lilisema vepu ina madhara pungufu kwa takriban asilimia 95 *ukilinganisha na sigara*. Hata namba yenyewe haikutoka maabara. Ilitokana na wataalamu waliokaa kikao, wakapanga bidhaa za nikotini kwa makadirio yao, na jarida la tiba la Lancet liliikosoa waziwazi. Lakini tuiache hivyo hivyo, tuseme ni kweli. Nikamuuliza: wewe ulikuwa unavuta sigara ngapi kwa siku kabla ya hii? Akasema hata moja.

Sasa basi. Kuanguka kutoka kitandani ni nafuu sana kuliko kuanguka kutoka juu ya mbuyu. Kweli au si kweli? Aliye juu ya mbuyu, kama atashukia kitandani, mshangilieni. Lakini wewe uliyekuwa umelala zako mkekani, umepandia nini kitandani ili uanguke?

Halafu nikamuuliza swali ambalo wazazi naomba mlikariri, kwa sababu ndilo tunalopimia mtu alivyofungwa na nikotini. Usimuulize "unavuta?" Atakataa. Muulize: "Ukiamka asubuhi, unaivuta baada ya dakika ngapi?" Anayengoja mpaka mchana, kamba bado ni legelege. Anayeivuta ndani ya nusu saa, amefungwa. Kijana aliangalia chini akasema: "Kabla sijatoka kwenye chandarua."

Ana miaka 16.

Ilikuwaje akafika huko kwa kitu kinachonukia embe? Hapa kuna ufundi ambao lazima niueleze, nivumilieni. Sigara ya kwanza maishani, kila aliyewahi kuijaribu anakumbuka: unakohoa, machozi yanakutoka, kichwa kinazunguka. Kule kukohoa ni mlinzi wa getini. Watoto wengi wamegeuzwa na mlinzi huyo wakarudi nyumbani. Vepu za mwanzo nazo zilikuwa hivyo, ukiweka nikotini nyingi koo linakataa. Kisha mwaka 2015 ikaingia sokoni Marekani vepu inayoitwa JUUL. Walichofanya ni kuchanganya nikotini na asidi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini. Chumvi hiyo haikwaruzi koo. Mlinzi akalazwa usingizi. Wakaweza kutia nikotini miligramu 59 kwa kila mililita, wakati Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 20. Kichupa kimoja kidogo, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kilikaribia nikotini ya pakiti nzima ya sigara.

Mwaka 2018, mwanafunzi mmoja kati ya watano wa sekondari za juu za Marekani alikuwa ametumia vepu ndani ya mwezi uliopita. Mwaka uliofuata, zaidi ya mmoja kati ya wanne. Daktari mkuu wa serikali yao akaliita jambo hilo janga la mlipuko, neno tunalolitumia sisi kwa kipindupindu. Baadaye idadi ilishuka sana, baada ya sheria, kesi na kelele za wazazi. Mwaka 2022 kampuni ile ilikubali kulipa karibu dola milioni 440 kumaliza kesi za majimbo zaidi ya 30. Watoto walioshikwa katikati hapo hawakurudishiwa kitu.

Jambo jingine ni hili. Sigara ina mwisho. Inaisha, inakuunguza kidole, unatupa kipisi, unapumzika. Vepu haina kipisi. Hakuna kinachokwambia basi. Unaivuta chooni, unaivuta chini ya shuka, mwalimu akigeukia ubao unaivuta ukimezea ukungu kwenye mkono wa sweta. Mnacheka kwa sababu ni kweli.

Binti mmoja wa chuo alikuja kwangu kutaka dawa ya usingizi. Nilikataa, nikamkalisha. Kumbe halali kwa sababu anaamka saa nane za usiku kuivuta. Alivyonisimulia mtihani wa saa tatu nilisikitika: saa ya kwanza anaandika, ya pili viganja vinatoka jasho, ya tatu anasoma swali moja mara nne na halimwingii. Vijana mnaita arosto, neno lililotoka kwa watu wa unga. Huyu hakuwahi kugusa unga, hakuwahi hata kugusa sigara. Ubongo unaendelea kujijenga mpaka miaka 25 hivi, na nikotini inaingilia ujenzi huo kwenye chumba kile kile cha kutulia, kukumbuka na kujizuia. Tulifanya kazi pole pole: kwanza isilale chini ya mto, ilale jikoni. Kisha ya kwanza isogee, kutoka kuamka mpaka baada ya chai, mpaka mchana. Wiki saba. Alilia mara mbili. Alifaulu, ingawa somo lile la mtihani alilirudia.

Nasikia mtu anaguna huko kulia: bibi yangu alinusa ugoro mpaka akafika miaka 90. Mzee wangu, hata wangu alinusa. Lakini bibi hakuanza na ugoro wa ladha ya embe akiwa kidato cha pili.

Sasa ladha. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi kama mfamasia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vijana wanasema, "Aunti, vilivyomo humo ni vya kula tu, ni kama vya kwenye keki." Mama zangu, pilipili si inaliwa? Inaliwa. Ikaange basi kwenye mafuta ya moto, funga dirisha, mwambie mtoto akae jikoni. Tumbo na mapafu si jirani hata kidogo. Tumbo lina asidi, kuna ini nyuma yake linalosafisha. Pafu lina ngozi nyembamba kuliko karatasi ya sigara, na nyuma yake ni damu moja kwa moja.

Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi walianza kuugua mapafu. Walikuwa watu wazima wenye afya, na njia zao ndogo za hewa zilikuwa zimejaa makovu yasiyorudi. Kilichokutwa ni harufu ya siagi, kemikali ya diasetili. Kuila kwenye bisi hakukuwa na neno. Kuivuta kutwa kucha pale kwenye matangi ndiko kulikowaharibu. Miaka 15 baadaye watafiti wa Harvard wakapima aina 51 za vepu zenye ladha, wakaikuta diasetili katika 39. Niseme kweli, moshi wa sigara nao unayo, tena zaidi. Lakini sigara haikuuzwa kwa jina la keki ya siagi.

Kisha mwaka 2019. Wakati ule nilikuwa nasoma taarifa kila usiku. Vijana wa Marekani wanaingia hospitali hawawezi kupumua, picha za mapafu zimekuwa nyeupe, na kinachowaunganisha ni vepu. Mpaka Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Wachunguzi wakapima majimaji ya mapafu yao, wakakuta nini? Vitamini E. Hiyo hiyo, katika umbo linaloitwa asetati! Ninayo kwenye rafu, akina mama mnanunua kwa ajili ya ngozi. Wengi wa wale wagonjwa walivuta vepu za mafuta ya bangi, walizonunua mitaani au kwa marafiki, na wachuuzi walikuwa wameongeza vitamini hiyo ili kimiminika kionekane kizito. Vepu za kawaida za dukani hazikuwa chanzo kikuu, na naomba nisinukuliwe vibaya hapo. Lakini funzo nililolichukua mimi linanihusu hapa hapa Dodoma: wale waliumizwa na kitu ambacho hawakujua kilichomo, walichokinunua kwa mtu asiye na duka.

Na nyinyi mnazinunua wapi? Kwa mtu wa simu. Unatuma hela, bodaboda anakuletea. Maandishi ya Kichina, pengine imeandikwa haina nikotini. Huko nje zimepimwa maabara zilizoandikwa hivyo zikakutwa zinayo. Zimepimwa nyingine ukungu wake ukakutwa na madini ya nikeli, kromiamu na risasi, vinavyotoka kwenye kile kiwaya kinachochemka. Ukipata shida, ukirudi kwa bodaboda utamuuliza nini?

"Lakini wametuambia ni ya kisasa, imechujwa." Mwaka 1952 kampuni moja ya Marekani ilileta sigara inayoitwa Kent yenye kichujio kipya, wakakitangaza kwamba ndicho kinga bora kabisa kwa afya ya mvutaji. Mnajua kichujio kile kilitengenezwa kwa nini? Asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoleta saratani. Ile ya bluu, iliyo mbaya kuliko nyingi. Watu walivuta asbesto miaka minne kwa sababu waliambiwa ni salama zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya Altria, yenye Marlboro ya Marekani, ilinunua asilimia 35 ya JUUL kwa dola bilioni 12.8. Sisemi waliotengeneza vepu wote ni waongo. Nasema mlango tunaoambiwa ni wa kutokea, mwenye nyumba ni yule yule.

Na saratani ya mapafu inachukua miaka 20, 30, kujionyesha. Vepu haijafikisha umri wa kutosha kuwa na wazee wake. Anayekwambia leo kwamba haina saratani, na anayekwambia inayo, wote wamewahi mno.

Kuhusu sheria nitapita haraka, mkuu wa shule ameanza kuangalia saa. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka ule ule ambao Hon Lik alikuwa anakamilisha kifaa chake. Inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Usimamizi tangu 2021 uko kwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Majirani zetu Uganda walipiga marufuku vepu kwa sheria ya 2015. Uingereza, ambao ndio wanaowapa wavutaji wa sigara vepu ili waiache, nao wamepiga marufuku zile za kutumia na kutupa kuanzia Juni 1, 2025. Hata anayeisifia kwa mzee hataki imfikie mtoto. Mwisho wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote juu yake. Kwa maoni yangu, tunaoweza kuzuia mifuko ya plastiki nchi nzima kwa siku moja tunaweza kuzuia ladha ya pipi isiuzwe na nikotini kwa mtoto.

Walimu, najua kamati ya nidhamu inataka kufukuza. Mtoto aliyefungwa na nikotini ukimrudisha nyumbani wiki mbili umempa arosto na muda wa bure kwa pamoja. Mwacheni darasani, mleteni kwa mtu wa afya. Wazazi, fimbo pia niliona matokeo yake: yule mama wa embe alimchapa kwanza kabla ya kumleta, na kijana akanunua nyingine ndogo zaidi, ya kufichika kwenye soksi.

Kuna jambo moja la leo leo kwa wenye watoto wadogo nyumbani. Kichupa cha kujazia vepu kinanukia juisi. Mtoto wa miaka miwili akikinywa, kiasi kidogo tu kinaweza kumuua. Usimtapishe, usimpe maziwa ukisubiri. Mpeleke hospitali na kichupa mkononi, daktari akisome. Na vepu isichajiwe kwa chaja ya kuokoteza usiku kucha juu ya godoro.

Yule kijana? Yuko kwenye wiki ya tano. Juzi alikuja peke yake, bila mama, akatoa soksi mfukoni akaiweka kaunta. Sikuifungua mbele ya wateja.

Mwalimu wa nidhamu, boksi lako naondoka nalo. Betri zile msizichome pamoja na takataka za shule, zinalipuka. Sasa maswali. Wewe hapo nyuma, uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja embe, anza.